Macho Yasiguswe na Maji

Simu ilipolia mara ya tatu, wifi aliitoa chini ya mto wa mgonjwa, fundi cherehani, akaizima na kuitumbukiza kwenye sidiria yake.

"Nipe simu yangu," fundi alisema.

"Mwanga wa simu unaumiza macho."

"Nataka kusikiliza, sitaki kutazama!"

"Basi nisikilize mimi."

Fundi alikuwa amelala chali na vikinga viwili vya plastiki usoni, vimebandikwa kwa plasta. Vilikuwa vya kulalia tu, lakini wifi hakumruhusu kuvivua hata mchana. Siku mbili kabla, Jumatatu, daktari alikuwa amemchoma macho kwa leza ili aachane na miwani mizito kama vitako vya chupa. Sasa yaliwasha kana kwamba yametiwa mchanga, na akiyafumbua aliona ukungu tu. Aliambiwa ukungu utatoka wenyewe akifuata masharti. Asipofuata, kidonda kitaacha kovu, na fundi cherehani mwenye kovu jichoni atauza vifungo maisha yake yote.

Aliyemshawishi ni mumewe, dereva wa lori. "Ukipona utaniona nilivyo mbaya, unikimbie," alimtania siku ile alipomrudisha nyumbani kutoka kliniki. Kisha akaenda zake, safari ya mizigo ya wiki nzima. Kesho yake jioni, bila kuitwa na mtu, wifi akatokea na begi.

Tangu siku ya harusi wawili hawa hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Wifi alisema kaka yake ameoa cherehani. Fundi alisema ulimi wa wifi unakata hata turubai. Sasa mmoja alikuwa haoni na mwingine ndiye mwenye funguo.

Karatasi ya daktari wifi aliishika kama hakimu. Tone moja la dawa kila baada ya saa nne. Asipikiche. Macho yasiguswe na maji siku saba. Hilo la maji ndilo lililomkaa kichwani. Alimfuta mgonjwa uso kwa kitambaa alichokikamua mpaka kikawa kama kikavu, vitunguu akavikatia uani, na redio akaichomoa katikati ya mchezo wa kuigiza, mtoto wa watu akiwa ndiyo kwanza anafukuzwa na mama wa kambo.

Kibaya zaidi, alifukuza watu. Siku hiyo hiyo ya Jumatano fundi alisikia sauti getini, za kiume na za kike, zikinong'ona.

"Nimesema siku saba!" wifi alifoka. "Asiyeridhika na aende!"

Fundi hakuhitaji kuambiwa. Ni wateja wake hao, wamefuata nguo zao, na mwanamke huyu anawatimua ili kazi yake ife. Alhamisi mchana akasikia cherehani yake mwenyewe ikinguruma sebuleni.

"Nani kakuruhusu kugusa mashine yangu?"

"Kaka yangu ndiye aliyeinunua. Lala."

Tena maji! Mara nne, mara tano kwa siku, bomba la bafuni lilifunguliwa likaachwa wazi robo saa nzima.

"Unafua nini humo kila saa?"

"Nanawa uso. Wewe si huwezi? Ona wivu."

Sauti ya wifi ilikuwa imekauka. Alisema ni mafua.

Ijumaa fundi aliishiwa nguvu. "Mume wangu hajaniulizia hata mara moja?"

"Mtandao mbovu huko aliko."

Kamasi zikaanza kumchuruzika. "Nimemkumbuka," alisema.

Wifi alimrukia kama nyigu. "Unamlilia nini? Angekujali angepanda lori akuache na macho mabichi? Na akurudie kwa lipi, mchuzi wako hata paka anasusa!"

Machozi yakakauka palepale. Fundi alikamata kikombe akakirusha sauti ilikotoka, kikapasuka ukutani. Akamwita mchawi. Akaapa kwamba siku atakayopona, kitu cha kwanza kukiona vizuri kitakuwa mgongo wa wifi ukitoka mlangoni. Wifi aliokota vipande, halafu akamtia tone la saa kumi. Tone la kwanza liliangukia shavuni.

Fundi alimchukia kwa moyo wote. Chuki hiyo ilimshibisha na ikampa usingizi, na kila alipoamka aliikuta bado ya moto.

Jumatatu walikwenda kliniki. Daktari alibandua vikinga, akatoa vilenzi laini vilivyofunika vidonda, akamwelekeza kwenye herufi za ukutani. Fundi alizisoma zote bila miwani, hata mstari wa chini kabisa.

"Macho yako ni mazima," daktari alisema.

Fundi alimgeukia wifi. "Ukitoka hapa kafungashe. Leo leo."

Wifi alikuwa akimtazama daktari. Alikuwa amevimba kope, amekonda, na gauni lake jipya lilikuwa jeusi. "Kwa hiyo sasa yanaweza kuguswa na maji?"

"Aoge tu, hakuna tatizo."

"Na machozi?"

Daktari alicheka. "Machozi hayakukatazwa, mama. Tulikataza maji ya bomba, kwa sababu yana uchafu. Kulia, angelia tangu siku ya kwanza."

Wifi alijishika ukutani, akateremka taratibu mpaka akakaa sakafuni.

"Kaka yangu yumo mochwari tangu Jumanne," alisema. "Ukoo mzima ulitaka kuzika Jumatano. Niliwatukana wote, nikawaambia hazikwi mpaka mke wake aruhusiwe kumlilia."