Kidole cha Mama Ekiru

Kila asubuhi Kapteni Mwakio alikwenda kwa Mama Ekiru kuomba kidole chake. Hilo ndilo sharti la wafadhili waliotoa bunduki: jeshi likiua raia, silaha za kambi hiyo hujifunga, na mfiwa ndiye huzifungua kila kukicha kwa alama ya kidole chake. Mwanawe Ekiru aliuawa na askari wa Kapteni akichota maji mtoni.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Kapteni aketi kwenye kigoda, amimine chai katika kikombe cha marehemu, angoje ipoe. Hapo ndipo Mama alipobonyeza kidole gumba kwenye kimashine alicholetewa na Kapteni.

Leo chai ilipoa, na Mama akaendelea kupepeta mtama.

"Mama, wezi wa mifugo wameonekana mtoni. Vijana wangu wana virungu tu."

"Mwanangu alikuwa na ndoo."

"Nakuomba, Mama."

"Wacha nao waonje kusimama mikono mitupu mbele ya bunduki."

Mkwe wake alikuwa akimfunga mtoto mgongoni. "Mama, bonyeza. Wakimaliza kule watakuja huku."

"Nyamaza wewe. Aliyeuawa ni mumeo."

Mlio wa kwanza ukasikika kutoka mtoni, kisha mingine mingi. Bunduki za wezi hazikuwa na mfadhili, wala hazikuhitaji kidole cha mtu. Kapteni akainuka, akakomea mlango, akapiga magoti na kumnyooshea Mama kimashine.

Mama akakitazama kikombe cha Ekiru.

"Hiyo imepoa mno," akasema. "Mimina nyingine."