Jiwe la Mlangoni

Mimi na wenzangu, watafiti wa historia, tulikuwa tunachimbua makaburi ya kale ya parokia, tukafika mlangoni mwa kanisa. Tulipoligeuza jiwe la kizingiti, tukakuta maandishi.

Upande wa juu ulikuwa umelambwa na viatu vya miaka mia moja, laini kama sabuni. Huku chini herufi zilikuwa kali bado. Nikazipangusa udongo kwa kidole gumba.

"Keziah, mkunga. Mikono yake iliwapokea watoto wote wa parokia hii."

Lilikuwa jiwe la kaburi lake. Waliling'oa kaburini kwake, wakalilaza kifudifudi, wakawa wanakwenda kusali huku wanamkanyaga!

"Haya, umeshasoma," akasema mzee wa kanisa, akitazama saa. "Lirudisheni lilivyokuwa. Jumamosi kuna harusi."

"Lirudi chini? Huyu ndiye aliyewazalisha bibi wa bibi zenu!"

"Dada, ameshakufa huyo. Bibi harusi apite wapi, hewani?"

"Apite dirishani! Mimi linanihusu nini?"

"Hebu nipishe, usituletee wazimu," akasema, akainua kiatu chake chenye tope alikanyage jiwe aingie ndani.

Nikaudaka mguu kabla haujatua, nikauvuta.