Yuka za Hedvika

Baridi ilipoisha, Drahomíra aliondoa vioo vilivyozikinga yuka bustanini, mimea yenye majani makali kama visu, akashika ya kwanza, ikang'oka bila ubishi. Moyo wake ulikuwa umeoza, laini kama kiazi kilichosahaulika jikoni. Ya pili hivyohivyo. Akazigusa zote tisa, na zote zikang'oka.

Alikaa palepale kwenye tope, akalia kwa sauti.

Mbegu zile aliziokota binti yake, Hedvika, kwenye milima ya Amerika, akazituma kwa bahasha. "Mama, hizi zinalala chini ya theluji na kuamka," aliandika. Mwezi uliofuata gari lake liliteleza kwenye barafu hukohuko, akafa. Drahomíra akazipanda mbegu kwenye vikopo vya mtindi, dirishani, zikaota tisa. Majirani wakamwonya kwamba udongo wa kwao Moravia una maji mno, zitaoza baridi ya kwanza. Miaka minane ikapita na hazikuoza. Hakuwa na mtoto mwingine.

Mumewe, Vlastimil, alikuwa akizitania. "Mama Hedvika, visu vyako hivi vitanitoboa macho siku moja. Si upande kabichi, tule?"

"Kale nyasi," alimjibu.

Hata hivyo kulikuwa na kazi moja ambayo mzee hakumwachia mtu: kuondoa vioo baridi ikiisha. Kila mwaka mwezi Machi, siku ya Mtakatifu Yosefu, alimhimiza mkewe aende misa. "Nenda kaniombee, mimi mgongo unaniuma." Drahomíra akirudi, alikuta udongo umechimbuliwa upya na yuka zimesimama wima, zimeongezeka kimo. "Zimepona," Vlastimil alisema, akaenda kunawa mikono.

Novemba iliyopita alimzika mumewe. Akajipa moyo kwamba angalau yuka zipo. Sasa hata hizo ameziua, tena mwaka wake wa kwanza kuzitunza peke yake.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Baba yako aliziweza. Mimi nimeshindwa."

Lango likagongwa. Mwanamume mwenye buti zilizojaa udongo aliingia, amekumbatia kreti.

"Hujambo, mama? Mimi ni yule muuza miche wa kule bondeni. Mzee Vlastimil sijamwona mwaka huu, nikasema nimletee mwenyewe." Akaiweka kreti chini, akajifuta jasho. "Yuka tisa, za miaka minane, kama alivyoagiza. Mwaka jana alichukua za miaka saba, mwaka juzi za sita."