Tete la Mwanaidi

Mwalimu Kazungu, mgeni wa shule ya muziki ya chuo kikuu, alikuwa nyuma ya jukwaa akiunga basuni yake, zumari refu la sauti nzito, mama mmoja alipoingia na kikopo cha bati.

"Mwanangu Mwanaidi ndiye aliyeomba uje," alisema. "Tumemzika Ijumaa. Hili alikuchongea wewe."

Ndani mlikuwa na tete la kupulizia, kile kipande chembamba cha mdomoni mwa basuni, limefungwa uzi mwekundu. Mwalimu aliijua desturi: mwanafunzi humchongea mgeni tete, na mgeni huanza onyesho kwa kulipuliza.

"Pole sana, mama." Huku akisema, mikono yake ililitumbukiza tete kwenye glasi ya maji, kwa mazoea tu.

"Unaliosha?"

"Lazima lilowe, mama. Kavu halitoi sauti."

"Alilipuliza asubuhi ile ya mwisho. Mate yake yalikuwa humo."

Mwalimu alilitoa upesi, lakini lilikuwa limekwisha kulowa. Akalichomeka kwenye basuni. Ukumbini walikuwa wakimwita apande jukwaani.

Alipotokea jukwaani, mama alikuwa ameketi mstari wa mbele, ameishika ile glasi kwa mikono miwili. Kwa tete lile, Mwalimu akapuliza sauti nzito kuliko zote za basuni.

Maji yakatetemeka.