Vidonge vya Kupandia Mlima

Elida alimweleza Thobias kila kitu kuhusu vidonge vile isipokuwa jambo moja, na hilo alilinyamazia makusudi.

"Huko Peru unakokwenda kusomea samaki, ziwa lao liko juu mita elfu tatu na mia nane," alimwambia, akigonga muhuri wa chanjo kwenye kadi yake ya njano. "Hewa ni nyepesi. Kichwa kitauma, utatapika. Siku mbili za mwanzo pumzika, maji kunywa, pombe usiguse. Ukizidiwa, shuka chini haraka, usijitie kidume. Vidonge anza leo, nusu asubuhi nusu jioni, tuone mwili unavipokeaje kabla hujasafiri."

"Asante, dada Elida."

Asante ya nini! Nesi mwingine angemalizia: vidole vitakufa ganzi, midomo itachonyota, soda itakuwa na ladha ya chuma, usiogope, ni dawa tu. Elida hakusema hivyo. Alimkazia macho.

"Na kama kuna mahali umeapa uongo, kaka, kifungue hicho kiapo kabla hujapanda ndege. Wazee wanasema kinashika mkono ulioapa na mdomo uliotamka."

Thobias alicheka kidogo, akaondoka na vidonge vyake.

Miaka sita Elida alikuwa akimvizia mtu huyu. Ndiye aliyerudi kutoka ziwani peke yake asubuhi ile, akasema Samson, mdogo wake Elida wa tumbo moja, ametumbukia na maji yamemchukua. Mwili haukuonekana. Walizika mgomba badala ya mwili, na Thobias akashika udongo wa kaburi, akaapa kwamba hajui zaidi ya hapo. Mtaa mzima wa Rusimbi ukamwamini. Elida, weee! Tangu siku hiyo alimwona muuaji anayetembea.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye na Samson walikuwa wamegombana vibaya. Samson alisahau jiko la mkaa linawaka, nyumba ya Elida ikateketea yote. Elida akamkimbiza na panga mpaka Kibirizi, akiapa mbele ya soko zima kwamba atamkata popote atakapomkuta. Watu walimshika. Wiki iliyofuata Samson akazama, na ile hasira ikabaki haina mwenyewe. Akamtwisha Thobias. Alitaka akiri kwa kinywa chake, kisha akaozee jela. Sasa bwana huyo anapanda ndege keshokutwa, na akishaondoka nani atampata?

Kesho yake adhuhuri Thobias alitokea mbio, kavaa kandambili za rangi mbili. Elida alikuwa barazani na mama yake, Mama Verediana, aliyekuwa akichambua maharage. Aliwahi kuwasha simu irekodi, akaifunika kwa kanga.

"Shikamoo mama! Dada Elida, nimekwisha! Vidole sivisikii, midomo inachonyota. Nimeonja soda, chuma kitupu. Kiapo kimenishika!"

Haki ya Mungu, Elida alitamani kupiga vigelegele. Alijikaza.

"Basi sema. Ulimuuaje mdogo wangu?"

"Kumuua?" Thobias alipiga magoti pale pale vumbini. "Mimi sijaua mtu! Niliapa uongo, hilo nakiri. Samson hakuzama. Nilimpandisha boti la Wakongo katikati ya ziwa, mwenyewe akiniomba kwa machozi. Yuko ng'ambo, ana mke na watoto wawili. Alisema ukijua yu hai utamfuata na lile panga lako, na kwamba wewe kusamehe hujui, bora umzike."

Miaka sita ya maombolezo, miaka sita ya kumchukia mtu asiye na hatia. Elida alimgeukia mama yake amshike, maana mzee wa watu kusikia habari kama hii ghafla angeweza kuanguka.

Mama Verediana hakuanguka. Aliweka ungo chini, akamtazama Thobias kwa hasira.

"Wewe mtoto," alisema, "si tulikubaliana Elida asijue?"