Nusu ya Kichwa

Nyamizi alikuwa amemaliza kusuka upande mmoja wa kichwa cha Tunu pale kidole chake kilipogusa kitu kisogoni. Akazitenga nywele kwa chanuo. Vilikuwa vipele viwili vyenye maji, kila kimoja kimebonyea katikati.

Tunu, mwenzake wa chumba pale hosteli, alikaa sakafuni kati ya magoti ya Nyamizi, akisimulia habari za mtoto wa dada yake aliyezaliwa juzi, ambaye kesho angempakata kwa mara ya kwanza.

"Mbona umenyamaza, shoga?"

"Nanyoosha mstari."

Wiki iliyopita, ukumbini, daktari alipouliza dalili za ule ugonjwa mpya wa vipele, unaoambukiza kwa kugusana, Nyamizi ndiye aliyenyoosha mkono na kuzitaja zote, chuo kizima kikampigia makofi. Sasa zilitawanyika kichwani kama kuku waliofunguliwa bandani. Homa hutangulia vipele, au hufuata? Na hivi si joto tu? Si yale mafuta mapya? Na mikono yake mwenyewe, iliyoshinda humo tangu asubuhi, akaioshe sasa hivi? Tunu si atauliza?

"Tunu, jana si ulisema kichwa kinauma?"

"Kidogo. Ni haya masomo tu." Tunu akacheka, akainamisha shingo zaidi ili mwenzake aone vizuri. "Hebu malizia, nisije nikamtisha mtoto wa watu na kichwa nusu."

Mafungu matatu ya nywele yalikuwa tayari vidoleni mwa Nyamizi. Hakuyasuka, wala hakuyaachia.