Saba kwenye Lami

Kwenye lami, saba. Mlimani, injini inapolalamika, kumi na moja. Gari likisimama, tatu, tena upesi, kabla dereva hajageuza shingo.

Avelina alikuwa ameshaishika hesabu hiyo kama sala. Simu imo kiganjani, chini ya khanga, kidole gumba juu ya kitufe cha sauti. Laini ameichomoa, maana akipigiwa ingeita kifuani mwa mama yake. Ndiko ilikokuwa spika ya bluetooth, ndogo kama kikombe cha chai, ndani ya sweta, chini ya blanketi. Akizidisha, inakwaruza kama redio mbovu. Akipunguza mno, watu wataanza kujiuliza kama bibi anapumua.

Na bibi hapumui. Mama yake, Hilaria, alikata roho alfajiri, chumbani kwa shemeji huko Majengo, mjini, siku moja tu baada ya kuruhusiwa hospitali. Saa moja asubuhi walimbeba kama mgonjwa, wakamketisha dirishani kwenye Noah ya abiria iendayo Chala, wakamfunga mkanda. Kukoroma kwake walikurekodi wajukuu mwaka jana, wakicheka. Leo mkoromo uleule ulikuwa unamtoka tena kifuani, mzito, mrefu, unaoishia na mluzi mwembamba.

Mtu hai anasafiri kwa nauli ya kiti. Akifa, anatakiwa awe na kibali, jeneza na gari lake peke yake, ambalo ukitajiwa bei utadhani umetukanwa. Sawa. Lakini mwaka sabini na nne, watu wa serikali waliokuwa wanahamishia watu vijiji vipya walipompakia Hilaria kwenye lori na mimba yake ya miezi saba, nyumba yake inawaka moto nyuma yake, nani alimwonyesha kibali? Walimtupa kijiji kipya, wakaenda kuandika ripoti. Miaka yote hiyo aliomba jambo moja tu: azikwe kulekule mahameni, alikohamishwa, kando ya mama yake. Mjomba Wilibrodi alikuwa ameshaanza kuchimba. Wakigundulika njiani, mama atashushwa, atarudishwa mjini, na mjini ndiko atakakofukiwa.

"Dada," sauti ikatoka kiti cha nyuma, "huyo bibi umemfungia jenereta?"

Gari zima likacheka. Msemaji alikuwa Anyelwisye, mtu wa Mbeya, mchuuzi wa dagaa aliyekuwa anaelekea Kabwe kufuata mzigo. Tangu stendi mdomo wake haujapumzika.

"Amechoka, kaka. Tumemtoa hospitali."

"Aa, mimi namsifu! Sisi wengine tukikoroma hivi tunahamishiwa sebuleni."

"Mwache bibi wa watu," akasema dereva Calvin, naye anacheka.

Mlima ukaanza. Kumi na moja. Upepo wa baridi ulikuwa unalaza ulezi pande zote mbili za barabara. Gari likaingia shimoni, kichwa cha mama kikagonga kioo, ko! Mkoromo haukukatika.

Anyelwisye akaacha kucheka. Alipoongea tena alikuwa amesogea hadi karibu na sikio la Avelina.

"Dada. Kichwa kimegonga vile, na usingizi haujashtuka?"

"Ni dawa, kaka."

"Dawa." Akavuta kofia usoni. "Na mimi mama yangu nilimsafirisha, mwaka juzi. Kimya njia nzima, hadi kwenye kizuizi, wakatushusha. Trafiki wanaujua usingizi, dada yangu."

Avelina akavuta blanketi hadi kidevuni mwa mama. Asubuhi ya baridi vile, jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Chini ya blanketi spika ikatoa mlio mdogo, tit. Chaji. Akakohoa kuufunika. Ikalia tena, akakohoa tena. Nyuma yake, pumzi za yule mchuuzi zilikuwa zimetulia, kama za mtu anayesikiliza.

Kilomita chache kabla ya Chala, trafiki akanyoosha mkono barabarani. Calvin akaegesha pembeni, akazima injini.

Tatu.

Mlango ukavutwa. "Mmejaza?"

"Tuko halali, afande. Hesabu mwenyewe."

Trafiki akahesabu kwa kidole. Kidole kikakwama kwa mama.

"Huyu vipi?"

"Kalala, afande," akasema Avelina. "Mgonjwa."

"Shikamoo, bibi!"

Mkoromo ukaitika. Trafiki akatabasamu. Na hapohapo, katikati ya pumzi, spika ikazimika.

Avelina akabonyeza. Tano. Kumi. Kumi na tano, mwisho wa kipimo. Hakuna kitu. Ndani ya gari kukawa kimya hata kengele ya ng'ombe aliyekuwa ng'ambo ya barabara ikasikika.

Tabasamu likamwisha trafiki. "Bibi. Shikamoo."

Kimya.

"Bibi?" Akaingiza kichwa, akanyoosha mkono kuelekea goti la mama. Nyuma, kiti kikalia: Anyelwisye anasogea mbele. Anasema sasa, Avelina akawaza. Huyu anasema. Akafumba macho.

Mkoromo ukaanza. Mzito, mrefu, ukaishia na mluzi mwembamba.

Mkono wa trafiki ukarudi. "Haya, mwacheni alale. Huyu tukimwamsha atatuchapa." Akabamiza mlango, akapiga bodi kofi mara mbili. "Nendeni!"

Calvin akawasha gari. Avelina akafumbua macho, akatazama simu. Iliandika kwamba spika haijaunganishwa. Mkoromo ulikuwa unaendelea.

Akageuka polepole. Anyelwisye alikuwa amelaza paji la uso nyuma ya kiti cha mama, kofia imemziba macho, machozi yanamteremka mashavuni hadi mdomoni, na ulikuwa ni mdomo huo uliokuwa unakoroma.